Baba Azikwe Bila Pamba

Tulipofika mochwari, mhudumu alikuwa amekwisha kumtia baba pamba puani na masikioni. Shangazi, dada yake mkubwa, alifunua shuka, akatazama, akalirudisha.

"Itoe," aliniambia.

Nilijua kwa nini. Katika ukoo wetu pamba haimgusi maiti. Tangu tukiwa upande wa Mahenge, kabla baba hajatuhamishia Kibaoni, wafu wetu walizibwa kwa vipande vya khanga kuukuu, na sababu yake tuliisikia kila msiba, tupende tusipende. Baba wa babu yangu alidaiwa kodi ya nyumba na Mjerumani. Fedha hakuwa nayo, basi akapelekwa pamoja na wenzake kulima shamba la pamba la akida huku mpunga wake ukiliwa na ndege. Alipopewa mbegu, alizikaanga kwanza chunguni, ndipo akazifukia kwa mistari iliyonyooka vizuri sana. Mvua ikanyesha, hakikuota kitu. Akida alifukua, akaona mbegu zilizoungua, akamlaza chini mbele ya watu, akamchapa viboko mpaka akatapika damu. Vita vya Maji Maji hakuviona, alikufa kabla. Alichoomba ni kwamba pamba isimfuate kaburini.

Baba naye, siku zake za mwisho wodini, alinishika mkono akaniuliza kama nakumbuka. Nilimjibu nakumbuka.

Lakini siku ile nilikuwa nimechoka, na hasira zangu ziko karibu. Mhudumu, kijana mwenye adabu, alimwamkia shangazi kisha akasema, "Bibi, mzee alijaa maji. Nikitoa pamba atavuja kanisani. Mtaaibika."

"Tutaaibika," shangazi alimjibu.

Nikamuuliza shangazi, mbona hata sanda ni pamba, na shati la marehemu, na hiyo khanga aliyojifunga?

"Khanga nimeinunua mwenyewe, nikaipenda. Hiyo ya puani kachagua nani?"

Niliitoa pamba kwa vidole vyangu, ikatoka imelowa. Shangazi alichana khanga ya marehemu mama kwa meno, tukamziba baba kwa vipande vile.

Alivuja. Watu walipopita kutoa heshima za mwisho, doa lilikuwa limeshaenea kwenye mto mweupe. Wakwe zangu waliinamisha vichwa na kutazama pembeni, na mama mmoja akafunika pua. Shangazi alisimama kando ya jeneza akimfuta kaka yake kwa pindo la khanga, bila kuficha chochote. Mimi nilitamani ardhi inimeze. Kisha nikamwona anavyomfuta, taratibu, kama anayemnawisha mtoto uso, na aibu ikaniisha. Nikaenda kusimama upande wa pili wa jeneza.

Makaburini msemaji wa familia alitangaza kama ilivyo desturi: mwenye kumdai marehemu ajitokeze, awaone wanaukoo. Hakujitokeza mtu. Vijana walikuwa wameshika kamba, wakisubiri.

Shangazi akasogea mpaka ukingoni mwa kaburi.

"Hadaiwi huyu," alisema. "Mshusheni."