Mama yake Daisuke Anakuja Jumamosi

Tangu binti yake Lynnet atangaze kwamba mama mkwe wake mtarajiwa anakuja Lambwe Jumamosi, Benta Adhiambo hakupata usingizi wa maana. Kupika hakukumsumbua, wageni amewalisha tangu alipoolewa. Lakini huyu alikuwa anatoka Japani, mkoa uitwao Akita, na mwanawe Daisuke, aliyekuwa akifundisha ufundi wa umeme Homa Bay, ndiye angemchukua Lynnet akaishi naye huko Akita baada ya harusi. Je, mgeni akishindwa kula? Akirudi kwao ataisema vipi nyumba ya kina Lynnet?

Ndiyo maana Alhamisi hiyo Benta alikuwa Kisumu, amesimama nje ya duka dogo alilotajiwa na Daisuke, akipangusa viatu ambavyo tayari vilikuwa safi. Duka liliuza vyakula na kazi za mikono za Akita tu.

"Karibu ndani, Mama. Mlango hauumi."

Mwenye duka alikuwa Mjapani wa makamo, Bi Haruko, na Kiswahili chake alikiokota soko la Kibuye. Alimwonyesha masanduku ya chakula ya mbao nyembamba iliyokunjwa mviringo, na vikopo vya chai vilivyovikwa gome la mti likang'aa kama ngozi. Benta aliweka mikono nyuma asije akaangusha kitu.

"Mwanamke wa rika langu, huko kwenu, hula nini?"

Bi Haruko akakata kipande cha figili ya rangi ya kahawia. "Tunaitundika juu ya meko, moshi unaikausha, halafu tunailaza kwenye chumvi na pumba za mchele. Onja."

Moshi Benta aliujua. Kisha ukaja utamu, na nyuma yake uchachu, akameza kwa adabu. Alipoinua macho kutafuta mahali pa kuyaficha, akaona picha ukutani: weupe mtupu, na mstari mweusi katikati.

"Hii ni nini?"

"Nyumba."

"Iko wapi hiyo nyumba?"

Bi Haruko akagusa ule mstari. "Hapa ni paa. Kwingine kote ni theluji. Januari, kule milimani."

Benta alivuta kigoda akaketi bila kukaribishwa. "Na watu?"

"Wako ndani. Wanapika, wanakunywa chai. Asubuhi wanatoka na sepetu."

"Mwenye mimba je? Akishikwa na uchungu?"

"Mitambo hufungua barabara." Bi Haruko akafikiri kidogo. "Mara nyingi."

"Mara nyingi," Benta akarudia. Halafu, kwa sauti ya chini: "Wewe mama mkwe wako alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mwanzoni mkali. Baadaye akanizoea."

"Baadaye lini?"

Bi Haruko alicheka tu, akaifunga figili kwenye karatasi.

Jumamosi mgeni akafika, mwanamke mdogo wa umbo, mwenye nywele nyeupe fupi. Aliinama mlangoni, Benta naye akainama, asijue ni mpaka wapi. Mezani kulikuwa na kuku, samaki, ugali na mboga za osuga, na pembeni vipande vya figili. Mgeni aliviona, akasema maneno mengi. Daisuke akaona haya.

"Anasemaje?" Benta aliuliza.

"Anasema asante," Lynnet alijibu. Alikuwa amejifunza Kijapani miaka miwili.

"Maneno yote hayo ni asante?"

Lynnet akacheka. "Haya basi. Anasema hii ya duka imezidi sukari. Atakuletea yake."

Mgeni aliacha figili, akamla samaki kwa vidole mpaka kichwa. Watu wakashusha pumzi, isipokuwa Benta. Wajomba walipomchukua Daisuke kwenda kumwonyesha mbuzi, wanawake watatu wakabaki na chai. Hapo Benta akasogea.

"Muulize. Mtoto wangu akiugua, theluji imefika paani, nani atakuwa kando yake?"

"Mama, jamani. Hayo si maneno ya leo."

"Nyathina, mwanangu, muulize."

Lynnet aliuliza. Benta aliona swali limekuwa fupi kuliko alivyolitoa. Mgeni akaweka kikombe chini, akajibu kirefu, polepole, akimtazama Benta mwenyewe. Katikati alikatiza neno, akaanza upya.

"Anasema yeye yupo."

"Amesema mengi kuliko hayo."

"Anasema yeye yupo, Mama."

Benta alimchungulia binti yake usoni, lakini Lynnet alikuwa ameinamia kikombe. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumuuliza. Mgeni alikuwa bado anamtazama, anangoja, kana kwamba yeye ndiye aliyeuliza swali. Benta alitikisa kichwa kukubali asichokijua, akachukua birika na kumwongezea chai.