Mwalimu wa Hewa Safi

Nilifundishwa usimamizi wa majengo na mtu aliyeogopa dirisha. Alikuja Tukuyu mwezi wa saba na shati la mikono mifupi, na mtu huyo ndiye aliyetumwa kutufundisha namna ya kuishi ndani ya nyumba zetu.

Wakati huo nilikuwa mtunza hosteli moja ya wasichana upande wa Mpuguso. Mwenye hosteli alikuwa ameniambia wazi kwamba bila cheti cha mafunzo yale, kazi angepewa mwingine. Basi nikaenda, mwanangu mchanga mgongoni, kifua chake hakijapona tangu masika.

Siku ya kwanza tulisoma viyoyozi: namna ya kuvisafisha, namna ya kuvitegesha visile umeme, madirisha yakiwa yamefungwa. Rungwe hii, nani anatafuta baridi ya kununua? Lakini watu wazima wenye familia zao waliinamisha vichwa wakanakili viyoyozi. Nilipouliza kuhusu kuvu inayopanda kuta za hosteli, na nguo za wasichana zisizokauka, akasema hiyo ni nje ya mada.

Siku ya pili mada ikawa hewa ya ndani. Akasoma, tena vizuri, kwamba mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa hutoa gesi isiyo na harufu. Kichwa huwa kizito, usingizi huja, na wengine hawaamki. Akatuamuru tupige mstari chini ya maneno hayo. Tukapiga. Kisha akafikicha viganja, akasema baridi ya huku itamuua, akaomba jiko.

Kwetu mgeni hanyimwi moto. Mama mmoja kutoka Kinyala, aliyekuwa akitupikia chai, akaleta jiko la mkaa, akaliweka miguuni pa mwalimu huku amepiga goti. Mwalimu akasema ndaga, yaani asante, neno pekee la Kinyakyusa alilojifunza. Madirisha yakafungwa na gunia likasukumwa chini ya mlango. Nikainuka kufungua dirisha moja.

"Mama, ukifungua hapo unatupa nishati," akasema. "Jana hukusikiliza?"

Darasa likacheka, nami nikakaa. Mtoto alikuwa akilia, na wenzangu, kwa huruma zao, wakamlaza kwenye kitenge karibu na jiko apate joto.

Vichwa vikaanza kuuma. Jirani yangu alijipaka dawa kwenye paji la uso huku mkono wake umelalia ule mstari alioupiga mwenyewe. Hakuna aliyefungua mdomo. Hiyo wao waliiita heshima kwa mwalimu. Mimi naiita ujinga, na niliwadharau wote, tangu aliyekaa mbele hadi aliyekaa nyuma.

Mwanangu akanyamaza. Wakaniambia, unaona, joto limemtuliza. Nikamwinua, shingo ilikuwa imelegea. Nikamfinya paja, hakulia. Nikalipiga teke gunia, na nyuma yangu nikamsikia mwalimu akisema anayetoka bila ruhusa asahau cheti.

"Ulichotupigisha mstari kinamuua mwanangu," nikamwambia, nikatoka.

Barazani manyunyu yalimpiga usoni. Nilimwita, nikampuliza, nikamtikisa miguu, mpaka akashtuka, akanitapikia kifuani na kulia. Nililia naye bila aibu. Mlango ukafunguka, wakatoka mmoja mmoja wameshika vichwa, na wa mwisho alikuwa mwalimu. Akaegemea nguzo, akavuta pumzi.

"Huku nje kuna hewa," akasema, kama mtu aliyefanya utafiti.

Cheti alininyima. Wenzangu walipewa, wakapiga naye picha humo humo ndani, madirisha yamefungwa. Kazi yangu akapewa mmoja wao, yule aliyejipaka dawa.

Juzi nilikuwa na safari ya Mpuguso, nikapita hosteli asubuhi na mapema. Palikuwa na ukungu na baridi kali, na madirisha yote yalikuwa yamefungwa. Nikachungulia kwenye kioo. Jiko la mkaa lilikuwa katikati ya vitanda, majivu yake bado na wekundu, na hakuna aliyejigeuza. Nikagonga kioo hicho, kisha kinachofuata, kwa ngumi, kisha kwa jiwe, mpaka kikavunjika.

Msichana mmoja akanitukana, halafu mwingine. Nilisimama palepale nikiyapokea matusi, nikisubiri vitanda vyote vinitukane.