Kibali cha Watu Wawili

Gitaa la besi la Kishindo lilikuwa zito kiasi kwamba akilipiga baani Jumapili alasiri, glasi za wateja zilitembea zenyewe mezani. Wale wasio na hela walijua meza zipi zimeinama, wakakaa upande wa mteremko wakizisubiri. Bibi mmoja aliingia na kwikwi ya miaka saba, akatoka imekwisha, akaanza kulalamika kwamba nyumbani kumekuwa kimya mno.

Miaka ishirini na sita walipiga pale watatu: Kishindo, mpiga gitaa la solo asiyependa maneno, na mwimbaji, mdogo wa mke wa Kishindo. Huyo shemeji sauti alijaliwa, lakini kuhesabu mapigo kulimshinda tangu ujana. Alifumba macho, akaisubiri besi iteremke hatua tatu, ya nne akaingia. Hakuwahi kukosea.

Ndipo akaja bwana leseni na karatasi. Ada ya muziki ilikuwa imepanda tena. Wanamuziki wawili walilipiwa kidogo. Wakifika watatu wanaitwa bendi, na ada ya bendi ilimeza mauzo ya mwezi mzima. Mama mwenye baa aliisoma mara mbili, akakaa juu ya kreti.

"Kaka zangu, nikilipa hii, mwezi ujao nawauzia watu maji ya bomba."

"Mbona sisi ni wawili," mwimbaji akamwambia bwana leseni. "Huyu shemeji yangu ni mzigo tu, tunamhifadhi."

"Mzigo wenye waya?"

Jumapili iliyofuata wakamkalisha Kishindo katikati ya wateja, besi imefunikwa kitambaa cha meza, waya umepita chini ya mkeka. Bwana leseni akaja, akaagiza soda, akatulia. Wimbo wa pili haujaisha, soda yake ikaanza safari. Aliidaka ukingoni.

Hakufoka. Alimwendea Kishindo, akainama. "Mzee wangu, mke wangu nilimpatia humu humu, mkipiga nyinyi. Lakini wiki ijayo nikisikia watatu, nafunga muziki wote. Nami nina bosi."

Baa ilipobaki tupu, mpiga solo akafungua mdomo. "Tuache wote."

"Una wanne shuleni," Kishindo akasema. "Utawalisha nini, ukimya?"

"Na wewe?"

"Wangu wameshaota ndevu. Hata binti yangu, ukimtazama vizuri."

Shemeji alicheka, kisha akageukia ukutani.

Nyumbani mkewe alimwona anaipandisha besi juu ya kabati, mahali pa vitu visivyotumika.

"Wamekufukuza?"

"Nimejifukuza."

"Na mdogo wangu ataimbaje?"

Kishindo akaisukuma besi mpaka ikagusa ukuta.

Jumapili ikafika. Aliingia kama mteja, akalipa kinywaji chake, akakaa karibu na mlango. Wawili wakaanza. Solo ilisikika nyembamba, kama mtu anayeongea peke yake chumbani. Shemeji akafumba macho, akasubiri. Solo ikazunguka mara moja, mara mbili, mara tatu. Watu wakaanza kutazamana.

"Kasinzia huyo," mmoja akanong'ona.

Mguu wa Kishindo haukumwomba ruhusa. Ulipiga sakafu ya mbao: moja, mbili, tatu. Ya nne shemeji akaingia, uso umemfunguka, na baa nzima ikapumua.

Kwenye kaunta, bwana leseni aliacha kunywa. Akautazama ule mguu. Hakuandika kitu, ila kalamu ilishatoka mfukoni.

Kishindo akaiona. Alisubiri wimbo uishe, akaiacha glasi ikiwa nusu, akachukua kofia.

"Unakwenda wapi, kaka?" mama mwenye baa akamdaka mlangoni. "Kaa basi. Kaa tu."

"Mguu huu hauna leseni, dada."

Alivuka barabara, akasimama kwenye kibaraza cha duka lililofungwa. Wimbo wa pili ukaanza. Akauhesabu kimoyomoyo: moja, mbili, tatu. Ya nne ikapita kimya. Ya tano ikapita. Shemeji aliingia kwenye ya saba, sauti imempinda, na watu wakampigia makofi, yale ya kumsaidia mtu aliyejikwaa.

Kishindo aliusikiliza mpaka mwisho. Kisha akashika njia ya nyumbani, akikanyaga taratibu, asije akasikika.