Lebo ya Mbuzi Anayezunguka

Sogea karibu, mwanangu, unisikilize kidogo. Nimekuona ukisoma kwenye kompyuta yako, unapaka mistari rangi na kubandika lebo karibu kila ukurasa, nami nimefurahi, kwa sababu hata mimi nilianza hivyo. Ila nilianza vibaya.

Nakumbuka Jumatatu moja mjini Embu, miaka ya tisini, nikiwa na umri kama wako. Nilikuwa nimemaliza shule kwetu Meru, kule Kaaga, nikajifunza kompyuta, nikaajiriwa na mradi mdogo wa afya ya mifugo. Kazi yangu ilikuwa kusoma vijitabu vya magonjwa na kuingiza dondoo kwenye kompyuta, ili siku ambayo daktari wa mifugo hayupo, mfugaji asirudi nyumbani bila jibu. Chini ya kila dondoo programu iliacha nafasi ya maneno machache ya kuitambulisha. Hizo ndizo tuliziita lebo. Ukiandika lebo moja, dondoo zote zilizobandikwa lebo hiyo zinakuja pamoja. Ndani ya maandishi ya dondoo yenyewe programu haikutafuta.

Lebo zangu nilizionea fahari. Nilizitoa kwenye vichwa vya sura: "mfumo wa neva", "vimelea", "mfumo wa chakula". Na kila niliposoma jambo lililonigusa, niliongeza "muhimu". Nilikuwa mtu wa kuguswa upesi.

Jumatatu hiyo daktari alikuwa safarini. Akaingia Mama Ireri, mfugaji kutoka upande wa Siakago, kule chini kwenye ukame. Mbuzi wake ndio walikuwa maziwa ya wajukuu wake. Wawili walikuwa wamekufa, na wa tatu alikuwa ameanza.

"Ameanza nini, mama?"

"Inazunguka. Upande mmoja tu, kama mtu ametafuta sindano na hataki kuamini imepotea."

Niliandika "kuzunguka". Hakuna kitu. Nikaandika "kizunguzungu". Hakuna. Nilijua kabisa nimesoma habari hiyo mahali, nikafungua "muhimu" na kuanza kupitia dondoo moja moja. Mama Ireri alikaa kwenye benchi hadi gari la kurudi kwao lilipokaribia kuondoka. Akainuka, akanishukuru kwa upole, akasema angerudi Jumatatu nyingine. Ule upole uliniuma kuliko matusi.

Mzee Njeru, aliyekuwa msaidizi wa daktari wa mifugo kwa miaka mingi na sasa alikuwa akitunza kabati letu la vijitabu, alikuwa amesikia yote. Akavuta kiti.

"Hizo muhimu ni ngapi?"

"Mia moja na arobaini, mzee."

"Basi huna hata moja." Akacheka kidogo. "Watu wa Meru mnapenda kazi, hilo siwezi kukataa. Sasa niambie, hizi lebo umemwandikia nani?"

Nikamjibu kwamba nimeziandika kwa ajili ya ofisi.

"Ofisi haina mbuzi. Umewahi kuona mama akiingia hapa aseme mbuzi wake ana shida ya mfumo wa neva?"

Mwanangu, nilitaka kukasirika, lakini sikupata pa kuanzia. Wiki nzima tulifanya kazi pamoja. Asubuhi nilikaa kwenye benchi na wafugaji, nikaandika walivyosema: anazunguka, anakohoa, amevimba taya, ametupa mimba. Mchana tulirudi kwenye dondoo, nikasoma moja kwa sauti, naye akauliza, "Atakayehitaji hii atakuja akisema nini?" Jibu lake ndilo lililokuwa lebo. Tulikubaliana kila jambo liwe na neno moja tu, "kuzunguka" ibaki "kuzunguka", tukayaandika yote kwenye karatasi na kuibandika ukutani ili nisibuni jipya kila siku. Lebo za vitabuni tuliziacha kwa ajili ya daktari. "Muhimu" nikaifuta yote.

Mama Ireri alirudi kama alivyosema. Niliandika "kuzunguka", zikaja dondoo mbili, moja kutoka kijitabu cha kupe, ya ugonjwa unaokuja ghafla na homa kali, na nyingine kutoka kijitabu cha minyoo. Sikuwahi kuziona zikiwa pamoja. Kwa kuwa zilikaa hivyo, nilijua la kuuliza.

"Ana homa kali? Alianguka ghafla?"

"Hapana. Inakula vizuri. Inazunguka tu, wiki ya tatu sasa."

"Na wale waliokufa, vichwa vyao mlipeleka wapi?"

Akanitazama kama nimeuliza jambo la kitoto. "Tulipatia mbwa. Kwani nani atakula kichwa ya mbuzi mgonjwa?"

Nikamsomea polepole. Mbuzi hupata ndani ya ubongo kifuko cha maji chenye watoto wa mnyoo aitwaye tegu. Mbwa akila kichwa, tegu hukua tumboni mwake. Mayai yanatoka na kinyesi hadi kwenye majani, na mbuzi wengine wanayala. Yule wa tatu hatukuweza kumponya, na nilimwambia hivyo. Lakini vichwa vichomwe au vizikwe chini sana, na mbwa wapewe dawa ya minyoo.

"Kumbe ni mimi nawalisha ugonjwa," alisema, akatikisa kichwa, kisha akacheka. "Hiyo mbwa itanijua leo."

Mwaka uliofuata alipita ofisini kutusalimu tu. Hakuna mbuzi mwingine aliyezunguka.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii. Unapobandika lebo, usijiulize dondoo inatoka sura gani, kwa kuwa kitabu chenyewe kinajua. Jiulize ni nani atakayeihitaji, na siku hiyo atakuwa na neno gani mdomoni. Mara nyingi atakuwa ni wewe mwenyewe, umechoka na umesahau, kwa hiyo jihurumie. Lebo mbili tatu zinatosha. Na ukisikia hamu ya kuandika "muhimu", andika ni muhimu kwa kazi gani.

Mungu akubariki, mwanangu, usomaji wako uwe na faida kwako na kwa wanaokutegemea. Sasa fungua dondoo uliyoiweka jana, andika chini yake swali ambalo inalijibu, kisha chukua neno moja la swali hilo ulifanye lebo.