Siku Nilipomwandika Mkwe Wangu Marehemu

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kuliko hata siku ya harusi yangu, na harusi yenyewe ilibaki kidogo tu isiwepo. Nakusimulia kwa sababu jana nimechungulia kazi yako, nikaona umechanganya tagi, zile amri za kuujenga ukurasa, za maktaba mbili za programu kwenye ukurasa mmoja wa Java, na bado unatembea kifua mbele hapa Gongoni.

Nilikuwa msichana mwenye kompyuta na maringo. Masanja alishasema anataka kunioa, ila baba yake, Mzee Lubinza, mwenyekiti wa wafuga nyuki wa Ntalikwa, alikuwa hajasema ndiyo. Akaniagiza nitengeneze ukurasa wa wanachama wao. Nilijua ninapimwa. Wale watu hawabadilishi jina la mzinga mwenyewe akifa. Watoto wanarina asali, lakini mzinga unabaki wa baba. Kwa hiyo alitaka majina yote yawepo, na waliotangulia wawekewe neno Marehemu.

Kazi nyepesi, nikasema. Majina niliyaorodhesha kwa tagi za maktaba ya JSF, ambazo ndiyo kwanza nimejifunza na nilitaka kuzionyesha. Swali la nani hayupo tena nikaliuliza kwa tagi za maktaba nyingine, JSTL, kwa kuwa hizo nilizizoea. Ukurasa ukafunguka bila kulalamika. Sikuusoma hata mstari mmoja. Nilikuwa napiga pasi gauni.

Siku ya kuuonyesha, wazee wakajaa ofisini kwao. Nikapiga goti, nikawaamkia, nikawasha projekta. Jina la kwanza ukutani: Marehemu Mzee Lubinza, Mwenyekiti. Chini yake marehemu katibu, marehemu mweka hazina, wote wamekaa mbele yangu wanakunywa soda.

Mzee Lubinza akavaa miwani.

"Binti, nimekufa lini?"

"Shikamoo baba," nikajibu, maana akili ilishanitoka.

"Marahaba, ingawa naitikia nikiwa kaburini. Mkwe gani huyu, ananizika kabla ng'ombe wangu wa mahari hawajafika kwao?"

Katibu akauliza kama marehemu anaruhusiwa kuongezewa soda. Wenzake wakacheka, lakini mzee hakucheka, na Masanja, aliyesimama mlangoni, alikuwa anaangalia viatu vyake. Niliona aibu hadi masikio yakawaka moto. Nikajua mchumba ndiyo huyo anaondoka.

Kosa lilikuwa hivi. Tagi za JSTL hufanya kazi yake mapema, ukurasa unapojengwa. Zile za JSF huleta majina baadaye, ukurasa unapoonyeshwa. Swali langu lilifika hakuna mtu, likaona hakuna aliye hai, likawaandika wote marehemu. Ni kama mwalimu anayeita majina alfajiri kabla wanafunzi hawajafika, halafu anaandika shule nzima watoro.

Nikakaa palepale mbele yao, nikaliondoa swali la JSTL na kuliandika upya kwa tagi za JSF. Nikafungua tena. Wazee wakafufuka. Mzee Lubinza akaisoma orodha yote kwa sauti hadi chini, akalirudia jina la baba yake, ambaye kweli alikuwa marehemu.

"Una haraka sana wewe," akaniambia. "Ila hukukimbia, wala hukumsingizia mtu. Masanja, kamwambie mama yako tutafute mshenga."

Kwa hiyo, mwanangu, ukurasa mmoja upe maktaba moja ukiweza. Ukilazimika kuchanganya, jua kwanza ipi inaamka mapema na ipi inachelewa. Na ukurasa usipolalamika, usiuamini bado. Usome jina kwa jina kabla wenye majina hawajausoma.

Mwaka juzi Mzee Lubinza alitutoka. Familia ikaniachia mimi kazi ya kurekebisha ukurasa. Nilibadilisha mahali pamoja tu, neno lile likatokea mbele ya jina lake, nami nikaliangalia muda mrefu nikitamani liwe kosa la tagi.

Mungu akupe mikono mitulivu, mwanangu, na wakwe wepesi wa kusamehe. Haya, nenda karekebishe.