Mascara primer ya mama: mbona alifumba macho kwa kila picha ya harusi?

Wakuu, habari zenu. Nimekaa humu miaka nikisoma visa vya wengine na kupita kimya kimya. Leo nimeleta changu. Sitaongeza chumvi, na pale nilipofanya ujinga nitasema wazi kwamba ni ujinga.

Mimi ni msichana wa kucha. Nina kibanda Kabiro, Kawangware: meza moja, viti viwili, taa ya kukausha gel na kifeni kidogo cha mkononi.

Kucha nazijua. Macho siyajui hata kidogo. Lakini mtaani ukishaonekana umeshika brush watu wanakuita beautician, na kuanzia hapo unatarajiwa kujua kila kitu, kuanzia nywele mpaka kisigino.

Wazazi wangu wanaishi Mashimoni, Kibera. Baba ni seremala, mtu wa Vihiga. Mama ni Mkamba wa Kitui, na amepika chapati za kuuza mlangoni pa nyumba yetu tangu nikiwa mdogo. Wameishi pamoja miaka ishirini na sita bila harusi. Come-we-stay, si mnaijua.

Mwaka huu kanisa lao, kule karibu na mtaa wa Ayany, likatangaza kwamba litawafungisha ndoa wanandoa wa aina hiyo wote pamoja. Siku moja, pasta mmoja, keki moja. Jozi sita zikajiandikisha, na wazazi wangu wakiwemo.

Nilifurahi mpaka nikashindwa kula. Nikamuuliza mama nimfanyie nini siku hiyo, nikijua atasema kucha. Akasema kucha hapana, mikono yake ni ya unga. Yeye anataka kope.

Hapo ndipo nilianza kuchanganyikiwa, na sijui kama nimewahi kutulia tangu siku hiyo. Huyu ni mama ambaye hajawahi kupaka hata lipstick.

Ikabidi anieleze. Zamani, nikiwa bado shule ya msingi, alikuwa akiwasha meko na moto ukamrukia usoni. Ngozi ilipona, nyusi zikaota, lakini kope zilirudi fupi na chache. Na wiki ileile ya moto ndiyo alienda kupigwa picha ya kitambulisho kipya.

"Kwa ID nimekodoa macho kama mtu ameona mwizi," aliniambia. "Hii ya kanisa ndio itakaa kwa ukuta, Nekesa. Nataka watu waone niko na kope."

Nikamwambia kuna zile za kubandika, dakika tano tu kazi imeisha. Akakataa. Anataka zake.

Basi nikaenda duka la vipodozi hapo Kawangware kutafuta mascara, ile rangi ya kope. Dada wa dukani alipopata habari kwamba kope ni fupi na chache, akaniuliza kama nina primer.

Wakuu, primer ya kope mimi sikuwa nimewahi kuisikia. Akanieleza ni kitu kinachopakwa chini ya mascara ili kope zinenepe na zirefuke kidogo, na mascara ishike. Kisha akaniwekea tatu mezani. Nyeupe, isiyo na rangi, na nyeusi.

Nikauliza tofauti. Akasema nyeupe unaona pale umefika na brush, lakini usipoifunika vizuri itaonekana. Isiyo na rangi haionekani, lakini na wewe hujui umepaka wapi. Nyeusi ni ya wanaoharakisha. Nikamuuliza yeye angechukua ipi. Akasema inategemea.

Inategemea nini? Alikuwa tayari anahudumia mtu mwingine.

Nyuma ya boksi kulikuwa na maandishi ya lugha ambayo sijui hata inasomwa kuanzia upande gani. Nikaingia mtandaoni. Video ya kwanza, acha primer ikauke kabisa. Ya pili, usiache ikauke hata kidogo. Ya tatu, primer ni ya kukula pesa zenu tu. Wote watatu walikuwa na kope nzuri.

Nikachukua nyeupe yenye brush nyembamba, kwa sababu angalau ningeona ninachofanya. Na mascara ya waterproof, maana mama namjua, atalia.

Jumapili baada ya ibada tukafanya jaribio nyumbani kwao. Na hapa ndipo ujinga wangu ulipo.

Kwa kucha, kanuni ya kwanza ni base coat ikauke. Rangi ukiiweka juu ya base iliyo mbichi, umeharibu. Mimi nimeishi kwa kanuni hiyo miaka sita. Kwa hiyo nilimpaka mama primer, nikatoa kifeni changu nikampulizia machoni. Nikapaka ya pili, nikapuliza. Ya tatu, nikapuliza. Mama machozi yanamtiririka kwa ule upepo, ananiuliza kama ndivyo inavyofanywa, nami namjibu kwa sauti ya fundi kabisa kwamba ndivyo.

Mascara ilikataa kushika. Ilisimama juu juu kwa vidonge, na katikati ya vidonge kope ni nyeupe pe.

Baba akaingia, akamwangalia mama, akauliza kama siku hizi unga unachekechwa kwa uso. Mama alicheka. Mimi nilitaka kulia, kwa sababu nilimwona akijiangalia kwenye kioo na kicheko kikapungua polepole. Nikamfuta na vaseline.

Jumatano nikarudi. Nikasema ikiwa kukauka ndiko kulikosa, basi hii mara naweka mascara papo hapo. Nikapaka primer, na sekunde hiyohiyo mascara. Vikachanganyika vikawa uji wa kijivu ukashuka mpaka shavuni.

Sasa fikiria. Ikikauka ni mbaya. Isipokauka ni mbaya. Harusi ni Jumamosi. Nikamwambia mama turudi kwa zile za kubandika, mimi kazi hii siiwezi.

Alijifuta uso, akarudi kwenye karai lake la unga, akaanza kukanda. Wateja wa jioni walikuwa wanakaribia.

Baada ya muda akaniita, akabonyeza unga kwa kidole, akakiinua. Akaniambia unga mbichi sana unabaki kwa kidole, na uliokauka juu hauna habari na kidole. Wa kupika ni ule unaoshika kidogo halafu unaachilia. Akauliza kama hiyo dawa yangu niliwahi kuigusa.

Kuigusa? Kwa kucha ukigusa umeharibu. Sikuwa nimefikiria hivyo hata mara moja.

Jumamosi asubuhi nikaoga, nikanawa mikono mara mbili, nikamkalisha mama dirishani. Nikapaka primer mara moja tu, nyembamba, jicho moja kwanza. Kifeni nilikiacha Kabiro makusudi. Mama akanawa na yeye, akangoja kidogo, akainua kidole akagusa ncha za kope zake, polepole, vile anavyogusa unga.

"Bado," akasema.

Nikangoja. Akagusa tena.

"Sasa."

Nikapitisha mascara kuanzia kwenye shina mpaka ncha, mara mbili. Wakuu, zilishika. Nyeupe yote ikapotea na kope zikasimama, nyeusi, ndefu kuliko nilivyowahi kuziona usoni mwa mama yangu. Jicho la pili tukafanya hivyohivyo, yeye akisema bado, mimi nikingoja.

Baba alipomwona alisogea karibu, akauliza, "Na hizi zilikuwa wapi?" Mama akainama. Nadhani aliona haya, na nilifurahi kumwona hivyo.

Kanisani walipangwa jozi sita mbele. Viapo vikasemwa, mama akalia kama nilivyotabiri, na mascara haikusogea. Nikajipongeza kimoyomoyo.

Halafu mpiga picha akainua kamera, na mama akafumba macho.

Nikadhani amepepesa. Picha ya pili, amefumba. Ya tatu, ya keki, ya jozi zote sita pamoja, amefumba! Nikajua tu ni primer inamuwasha. Nikapita katikati ya wakwe na mabibi harusi, nikamnong'oneza kama macho yanauma. Akanifukuza kwa mkono. Nilishinda siku nzima nikiona kwamba nimemharibia picha pekee aliyowahi kuitaka.

Zilipochapishwa nikazipeleka Mashimoni mwenyewe. Nilianza kuomba msamaha kabla hata sijafungua bahasha.

Mama akachukua moja, akaisogeza kwenye mwanga, akaipitishia kidole.

"Kwa ID nilifungua macho na hakukuwa na cha kuona," akasema. "Hapa nimezilaza ili zionekane zote."

Nikaangalia. Ni kweli. Zimelala juu ya mashavu yake, unaweza kuzihesabu moja moja. Nililia vibaya sana, na mimi sikuwa nimepaka waterproof.

Nilichojifunza: kanuni ya kazi yako usiibebe mpaka kwa kazi nyingine bila kuuliza. Primer paka mara moja, nyembamba, weka mascara ikiwa inanata kidogo. Na usijihukumu umemharibia mtu kitu kabla hujamuuliza mwenyewe.

Lakini bado nimechanganyikiwa, sitawaficha. Ile isiyo na rangi mnajuaje imefika wapi? Na ile nyeusi ni primer kweli au ni mascara nyingine? Wanaojua wanisaidie, wanaotaka kunicheka pia nafasi ipo.

Picha iko ukutani. Wageni huuliza kama mama alikuwa amesinzia kwenye harusi yake. Baba ndiye huinuka, akawasogeza karibu na ukuta, akawaambia waangalie kope.