Kabla Lori Halijatoka

Alikuwa mpiga pasi katika duka la kufulia nguo, na waliomfahamu walimwita Kiberiti. Ukali anao, lakini jina hilo alilipata kwa sababu nyingine: hakujua kutulia. Akipiga pasi, mguu mmoja unacheza chini ya meza. Akila, anakula amesimama. Mdogo wake alikuwa akimtania, "Dada, wewe hata siku ya kuzikwa utaomba usilazwe."

Mdogo wake huyo ndiye aliyetangulia. Aliacha binti wa miaka sita, mwenye pumu kifuani na mdomo usiofunga, na kwa sababu ya mdomo huo wakamwita Chiriku. Tangu msiba ulipoisha, Chiriku alikaa kwa mama yake mkubwa. Hakuna kikao kilichoitwa wala karatasi iliyoandikwa. Mtoto alilala pale siku ya kwanza, akalala na ya pili, na mwaka ukazunguka. Baba yake, dereva wa malori ya safari ndefu, alikuwa mtu wa kuonekana leo na kupotea mwezi mzima.

Asubuhi moja ya Jumanne, Kiberiti akiwa na shati la mteja mezani, simu yake iliita. Alikuwa mwalimu wa Chiriku.

"Mama, baba yake kaja kumchukua sasa hivi. Anasema mmeshaelewana, wanasafiri. Nimeona nikupigie tu, maana naona mtoto hana begi."

Pasi ilibaki juu ya shati. Mwenye duka ndiye aliyekuja kuinyanyua, na alipogeuka kufoka, hakukuwa na wa kufokewa.

Kiberiti alikwenda moja kwa moja kwenye yadi ya malori. Alimkuta shemeji yake anakaza turubai juu ya shehena ya saruji, nyusi zake nyeupe kwa vumbi. Chiriku alikuwa juu, ndani ya kichwa cha lori, amesimama kwenye kiti.

"Mamkubwa! Naenda mbali kwa bibi! Nitavuka mpaka!" alipiga kelele, kisha akakohoa.

"Shemeji, mtoto anakwenda wapi?"

"Kwa mama yangu. Nitamlea mimi mwenyewe."

"Siku ngapi njiani?"

"Tisa. Kumi zikizidi."

"Na saruji yote hii! Mtoto ana pumu, shemeji. Dawa yake anavuta asubuhi na jioni. Iko nyumbani, hujaja hata kuiuliza!"

"Pumu, pumu. Mnamdekeza tu. Na mimi nilikohoa utotoni, mbona nimekua?" Akavuta kamba kwa nguvu. "Mimi nimechoka, shemeji. Kila nikija naambiwa amelala, naambiwa katoka. Leo hakuna wa kuniambia amelala. Saa kumi jioni tunaondoka."

Kiberiti alijua hasa shemeji yake anasema nini. Alimpa kisogo akaondoka mbio.

Kituo cha polisi kilikuwa ng'ambo ya barabara. Askari wa zamu alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza, kisha akakuna kidevu. "Mama, baba kumchukua mwanawe si wizi. Hapo siwezi kugusa. Lakini ukiniletea amri ya mahakama, hata dakika tano kabla lori halijatoka, nanyanyuka nakwenda nawe."

Ilikuwa yapata saa nne alipofika mahakama ya familia. Hakuwahi kuingia humo hata siku moja. Kwenye dirisha la masijala, karani aliyevaa sweta alikuwa akigonga mihuri bila kuinua uso.

"Nataka ulezi wa mtoto," Kiberiti alisema.

"Jaza fomu hii. Tarehe ya karibu ni wiki tatu zijazo."

"Lori linatoka saa kumi."

"Saa kumi ya lini?"

"Ya leo, baba! Ya leo hii!"

Muhuri ulibaki hewani. Karani alimtazama kwa mara ya kwanza, akaisukuma kando ile fomu, akatoa nyingine. "Basi haya ni maombi ya dharura. Hakimu anaweza kukusikiliza wewe peke yako leo, akatoa amri ya muda, na baba akaitwa baadaye kujieleza. Lakini hukuja na kitu. Lete cheti cha kuzaliwa, cheti cha kifo cha mama na kadi ya hospitali ya mtoto. Kisha onana na ofisa ustawi wa jamii, chumba cha tatu. Na yote utakayoyaandika utayaapia."

Nyumbani alifungua sanduku la karatasi za marehemu mdogo wake, akazoa vyeti vyote viwili na kadi ya hospitali. Alichukua pampu ya dawa kwenye rafu, akaifunga kwenye pindo la kanga kama inayoweza kutoroka, akarudi mahakamani jasho likimtiririka.

Ofisa ustawi wa jamii alikuwa mama mnene, mpole, mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Alimpigia mwalimu, akaipigia hospitali, akaandika kwa mkono uliokwenda taratibu mno. Kiberiti alisimama, akaketi, akaenda dirishani, akarudi.

"Keti, mwenzangu. Sakafu hiyo imeshakukosea nini?"

"Siwezi kuketi, dada."

"Basi simama, lakini nisikilize. Ukiingia mle ndani, usitie chumvi. Hakimu yule anaijua chumvi hata kabla hujaimwaga."

Baada ya hapo ilikuwa kungoja. Benchi la ukumbini lilijaa watu wenye bahasha mapajani, kila mmoja na yake. Saa sita ikapita. Saa saba hakimu akaenda kula, na Kiberiti akamchukia kila mtu duniani anayekula mchana. Saa nane akaingia mwanamke mwingine kabla yake, akakaa ndani muda ambao mtu angeweza kupika na kuosha vyombo. Saa ya ukutani ilikuwa na mshale wa sekunde unaoruka, na kila ukiruka, roho yake iliruka nao. Akilini alikwisha kuona lori limesimama porini, mtoto amejikunja, midomo imebadilika rangi, na baba yake anamwambia aache kudeka.

Saa nane na dakika arobaini aliitwa, akaingia pamoja na ofisa ustawi.

Hakikuwa chumba kikubwa cha mahakama kama alivyodhani. Ilikuwa ofisi yenye mafaili hadi dirishani, na hakimu alikuwa mwanamume wa makamo mwenye sauti ya chini iliyomlazimu mtu kuinama ili asikie. Alisoma kiapo, akaipindua kadi ya hospitali, akauliza mtoto alilazwa mara ngapi. Mara mbili, Kiberiti alijibu, mara ya mwisho siku nne. Kisha hakimu akaweka kalamu chini.

"Hapa umeandika baba hamjali mtoto. Alipokuja kumwona, ulimpa nafasi?"

Jibu la uongo lilikuwa tayari ulimini, tena fupi. Baba hayupo, hakuna wa kulipinga, na saa inakimbia. Akamtazama ofisa ustawi. Ofisa akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Mheshimiwa, hapana," alisema. "Alikuja mara tatu. Mara ya kwanza nilimruhusu. Mara mbili nilisema mtoto amelala, na mtoto alikuwa macho, nimemwambia ajifiche jikoni. Niliogopa. Mdogo wangu nimeshampoteza, nikaona na huyu atachukuliwa. Nilikosea. Lakini mheshimiwa, kosa ni langu. Kifua ni cha mtoto."

Hakimu aliichukua tena kalamu. Akaandika, na kadiri alivyoandika ndivyo Kiberiti alivyozidi kuamini kwamba amejichongea.

"Ulezi wa muda kwako, siku kumi na nne," hakimu alisema hatimaye. "Mtoto asitolewe nje ya nchi. Ofisa ustawi na polisi wasimamie makabidhiano. Siku ya kumi na nne nawataka nyote wawili hapa. Na tangu leo, mama, baba akija, mtoto yuko macho."

Muhuri ulipogongwa ilikuwa saa tisa na dakika ishirini na tano. Ofisa ustawi, ambaye kalamu yake ilikuwa ikijikokota, kumbe miguu yake ilikuwa na habari nyingine. Alitangulia hata Kiberiti. Askari alitimiza neno lake. Walipoingia yadi, lori lilikuwa limeshawashwa, limeelekeza pua getini.

Dereva alisoma karatasi mara mbili, mdomo ukicheza. "Mmenipeleka mahakamani kwa mwanangu mwenyewe?"

Hapo hapo, kutoka juu kwenye kichwa cha lori, ukasikika mluzi mwembamba. Hakuwa anaimba, Chiriku. Alikuwa anavuta hewa, mabega yamepanda, na yule mtoto wa maneno elfu hakuwa na neno hata moja.

Baba yake ndiye aliyepanda kumchukua. Alimshusha amemkumbatia, uso wake umesawijika. "Tangu saa saba yuko hivi," alisema. "Nilidhani kachoka. Shemeji, fanya. Fanya hiyo dawa."

Kiberiti alifungua pindo la kanga. Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakuwa na haraka. Pumzi moja, ngoja. Pumzi ya pili, ngoja. Wote wanne walisimama pale wamezunguka kifua kidogo, wakikisikiliza, mpaka mluzi ukaanza kupungua na Chiriku akauliza kwa sauti ya kukwaruza kwa nini askari hana kofia.

Siku ya kumi na nne baba alifika mahakamani kabla ya wote, amenyoa ndevu. Hakubishana. Alisema barabarani hawezi kumlea mtoto mgonjwa, lakini hataki kuwa mgeni kwa mwanawe. Hakimu alimwachia Kiberiti ulezi kwa miezi sita, kisha kesi itazamwe tena. Na baba, kila akirudi safari, awe na mtoto Jumapili nzima. Ukumbini, kando ya benchi, Kiberiti alimfundisha shemeji yake namna ya kuishika pampu. Mara ya kwanza alijipulizia mwenyewe puani.

Jumapili ya kwanza ilikuwa ngumu. Baba na mtoto walipokwisha kuondoka, Kiberiti alifua mapazia yaliyokuwa safi. Kisha akaenda dukani siku yake ya mapumziko, akaomba kazi, na mwenye duka, ambaye bado anamkumbusha lile shati, akampa mashuka ya hoteli. Shemeji alipiga simu mara nne kabla ya saa nane: kakohoa, je, hiyo ni mbaya? Kapiga chafya, je?

"Chafya ni chafya, shemeji," Kiberiti alimwambia mara ya nne. "Mpe maji, mkaendelee kucheza."

Akakata simu, akachukua shuka jingine, mguu ukicheza chini ya meza.